Gurudumu Lenye Shingo Nyembamba

Msiniulize mimi ni nani kwenye mambo ya magari. Mimi ni mama wa watoto wanne, na gari napanda tu, sijawahi kuliendesha. Lakini gurudumu la gari nililokuwa nimepanda lilichomoka, likanipita, likaenda zake mbele, nami nikaliona kwa macho yangu haya mawili. Ndiyo maana naandika. Kama nyumbani kwenu kuna gari la zamani, na mwanamume anayelipenda kuliko anavyopenda kushauriwa, soma mpaka mwisho.

Gari letu ni kuukuu, la taa za mviringo, rangi yake kama maziwa yaliyolala. Limemzidi umri kifungua mimba wangu. Mume wangu ni fundi cherehani, na alilipata kwa mteja wake mmoja, daktari mzee aliyekuwa anahama. Tangu siku hiyo analifuta kwa vipande vya kitambaa cha suti. Mimi jikoni nafutia mikono gunia, gari linafutwa kwa kitambaa cha suti. Haya.

Binti yetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alimaliza mafunzo ya uuguzi, akapata kazi kwenye zahanati ya mbali, huko barabara inakopanda na kushuka milima. Baba yake akasema, "Mwanangu hataanza kazi kwa kudandia magari ya watu. Hili gari ni lako." Kitinda akarukaruka kama mtoto. Mimi moyo ukanipasuka paa!

Si kwamba gari lilikuwa halitembei. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa miguuni. Ringi zililiwa na kutu mpaka upepo ukawa unavuja pembeni. Mnajaza jioni, asubuhi mnalikuta limepiga magoti. Matairi nayo yalikuwa vipara vitupu, na saizi ile ndogo haipo tena madukani. Ukiitaja, muuzaji anakutazama kama umemwulizia nguo za babu yake. Kwa hiyo ikabidi zitafutwe ringi nyingine, kubwa kidogo, ambazo matairi yake yanapatikana. Hapo sikuwa na neno. Nilichotaka ni kimoja tu: mwanangu afike kazini kwake akiwa mzima, na viungo vyake vyote. Hicho tu.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa ringi za magari ya zamani, katika mji mwingine. Nikamwambia mume wangu, "Mzee, beba ringi moja ya zamani, panda basi, mwonyeshe, akupe inayolingana."

"Nibebe ringi yenye kutu kwenye basi la watu waliovaa nguo nyeupe? Wataniona nimeiba."

"Basi mpigie simu, umweleze gari ni la aina gani."

"Simu inaeleza nini? Mimi mtu akitaka suti, simpimi kwa simu." Akagonga meza ya kukatia. "Nitampelekea patani."

Patani ni ile karatasi ambayo fundi anaichora na kuikata kwanza, ndipo aiweke juu ya kitambaa. Akafungua gurudumu moja, akalaza karatasi ya kaki pale kwenye chuma ambapo gurudumu hukaa. Katikati ya chuma hicho pana kitovu cha duara kinachotokeza, na kukizunguka kitovu kuna skrubu tano ndefu za kufungia nati. Akabonyeza karatasi kwa dole gumba mpaka skrubu zikaitoboa, akakizungushia kitovu chaki. Kisha akaingia ndani, akanakili yote kwenye kadibodi ngumu ya boksi la mashati, akakata.

Kosa nalitaja hapa hapa, msije mkasoma huku mnatafuta mchawi. Mnajua shingo ya gauni inavyokatwa? Fundi hakati tundu la shingo kwa ukubwa wake halisi. Hukata dogo, maana akishakunja na kushona linapanuka. Asiyekata dogo atamvisha mteja gauni linalomdondoka mabegani. Mume wangu amekata shingo za gauni maisha yake yote. Yale matundu matano ya skrubu yalikuwa sawasawa, kwa sababu aliyapitisha kwa sindano kutoka karatasi ya kwanza. Lakini tundu kubwa la katikati, la kupitisha kitovu, alilikata kwa mkasi, na mkasi ukapita ndani ya mstari wa chaki. Kidogo tu, kama unene wa sarafu. Yeye hakuona, mimi sikuona, na patani ikafungwa vizuri ikapelekwa kwa basi.

Ringi zikaja. Za aluminiamu, zinang'aa mpaka unajiona pua. Mfanyabiashara alikuwa mtu mwaminifu. Alipekua stoo yake nzima akatafuta zilizolingana na kadibodi ile, akazipata. Alifanya alichoombwa. Hata patani aliirudisha, imefungwa kwa kamba kwenye ringi mojawapo.

Hapo akaingia kaka yangu. Kaka yangu huyu zamani alikuwa utingo wa malori, na kwa sababu alilala chini ya malori miaka mingi, anaamini alisoma ufundi usingizini. Ukimwambia jambo lolote, kabla hujafika mwisho anasema, "Najua." Watoto wakambatiza Mjomba Najua. Naye akalipiza kwangu. Ananiita Honi, kwa sababu eti nalia kila kona.

Tukazipeleka ringi kwa fundi matairi, mimi, mume wangu na kaka. Fundi yule alikuwa ameshapaka povu la sabuni kwenye mdomo wa tairi la kwanza, akasita. "Hizi ringi mmezijaribu kwenye gari zikiwa tupu? Maana nikishavalisha tairi, aliyewauzia hazipokei tena."

Mume wangu akasema, "Zimepimwa kwa patani."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa patani, bwana. Kipimo cha fundi."

Nikasema, "Mzee, si nyumbani ni hapo tu? Tukaijaribu moja, turudi."

"Honi imelia!" kaka yangu akasema, wakacheka wote mpaka mteja aliyekuwa amekuja kujaza upepo wa baiskeli. Fundi matairi akainua mabega, akavalisha. Tairi likaingia kwenye ringi kwa mlio wa paa! paa! na nikaruka kila mara, wakacheka tena.

Jioni ile wakaanza kufunga, uani kwetu. Gurudumu la kwanza la mbele likaingia kwenye skrubu tano vizuri kabisa, likafika karibu na mwisho, likagoma. Mume wangu akalisukuma kwa goti. Likagoma.

"Najua," kaka akasema. "Liache. Nati zitalivuta lenyewe."

Wakafunga nati. Kweli likasogea, huku linatoa sauti kama mtu anayesaga meno. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili na beseni la nguo. Nikaona kitu.

"Jamani, mbona naona mwanga nyuma ya hilo gurudumu?"

"Mwanga gani?"

"Mwanga. Kati ya gurudumu na chuma. Karatasi inapita hapo."

Kaka akainama, akatazama, akajiinua kama daktari. "Dada, hiyo ni nafasi ya breki kupumua. Zisipopumua zinashika moto. Gari za zamani ndivyo zilivyo."

"Basi mbona yale ya zamani hayakuwa na nafasi?"

"Yale yalikuwa na kutu. Kutu iliziba."

Jamani. Mtu akikujibu hivyo, unamrudishia nini? Nikamgeukia Kitinda, aliyekuwa anapanga nguo zake kwenye sanduku barazani. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe umesoma, hebu njoo utazame."

"Mama, mimi nimesomea watu, sijasomea magari."

"Njoo tu!"

Akaja, akatazama, na uso wake ulikuwa tayari uko kule zahanati. "Mjomba anasema ni sawa."

"Mjomba wako alisema tanki la maji halivuji, tukaogelea sebuleni."

"Mama, ukiogopa kila kitu tutaishi wapi?"

Kaka akapanda juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Gurudumu likalia tena, na ule mwanga ukapungua mpaka ukabaki kama uzi. "Umeona?" akaniambia. "Limekaa." Wakafanya hivyo kwa yote manne, wakasimama mbali wakiyasifia. Na kusema kweli yalipendeza. Gari lilionekana kama mzee aliyenunuliwa viatu vya harusi.

Kesho yake Kitinda akalizungusha mtaani. Aliporudi akasema usukani unatetemeka kidogo. Wakashika nati: zimelegea. Wakakaza. Akazunguka tena. Zimelegea. Wakakaza.

Nikasema, "Kifungo kikifunguka mara mbili, fundi, unakikaza au unatazama tundu lake?"

Mume wangu akanitazama kwa yale macho ya juu ya miwani. "Kifungo ni kifungo. Hiki ni chuma. Chuma kipya lazima kizoeane na chuma cha zamani."

"Kama ndoa," kaka akadakia.

"Ndoa ipi? Hii yenu ya kurukiana na spana?"

"Honi, punguza sauti."

Nikaona sasa nimeshindwa, nikaomba kitu kimoja. Nikasema basi, tafadhali, mrudishieni magurudumu yale ya zamani, vipara vyake hivyo hivyo, tujaze upepo, aende polepole, haya mazuri tutayatazama baadaye kwa utulivu. Mume wangu akakohoa. Kaka akaangalia juu kama anatafuta ndege. Nikajua.

"Yako wapi?"

"Yalikuwa yanajaza uwanja tu," mume wangu akasema.

Wameyatoa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni asubuhi, nikiwa sokoni, wakampakilia. Niliingia jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Siku ya safari Kitinda aliamka amevaa sare yake mpya, imepigwa pasi na baba yake mpaka ungeweza kukata mkate kwa ncha ya kola. Alitakiwa kuripoti siku hiyo hiyo, kabla mganga mkuu hajaondoka. Tukakubaliana tumsindikize hadi mwisho wa mji, pale njia panda, kisha sisi turudi kwa miguu. Baba mbele, mimi na kaka nyuma, sanduku kwenye buti. Nati zilikazwa tena kabla hatujatoka. Nilihesabu moyoni watoto wangu wengine watatu na nikawaombea, kwa sababu huyu wa nne nilikuwa naye ndani ya gari lile lile na sikujua niombe nini kwanza.

Usukani ulitetemeka tangu tulipotoka lango. Kitinda akawa anaushika kwa mikono miwili bila kusema. Mimi nikasema.

"Simama tutazame."

"Mama, tumeshachelewa."

"Simama, Kitinda."

"Tukifika njia panda."

"Nasema hili moja tu, kisha ninyamaze: simama!"

"Shemeji," kaka akamwambia mume wangu, "zima honi huku nyuma."

Mwisho wa mji kuna tuta barabarani, na baada ya tuta ndipo mteremko unapoanza, mrefu, na bonde upande mmoja. Kitinda akapunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Nashukuru aliyeliweka tuta lile, awe nani, awe wapi. Tulipopanda juu yake gari likasema ko-ko-ko, upande wa mbele kushoto ukainama, na gurudumu likatutoka. Lilitupita taratibu kabisa, kama mtu anayewahi miadi, likavuka barabara, likaingia kwenye karakana ya seremala, likagonga mlango uliokuwa umeegeshwa ukikaushwa rangi. Sisi tukaburuza chuma kwenye lami kwa kelele ambayo bado iko kwenye meno yangu, tukasimama.

Nikaanza kumshika Kitinda kichwa, shingo, mikono, magoti. Mzima. Nikamshika tena.

Seremala akatoka na brashi mkononi. "Samahani, hili lenu? Nyinyi mnatembea na magurudumu mangapi?"

Hakuna aliyecheka. Kaka akalifuata, akalivingirisha hadi kwetu. Kitinda akalilaza, akapitisha kidole kwenye tundu la katikati. Kingo zake zilikuwa zimetafunwa, aluminiamu imekwaruzwa pande zote. Akatazama kitovu cha gari. Akatazama tena tundu. Kisha akaenda kwenye buti akaitoa ile kadibodi, ambayo baba yake alikuwa amempa kama kumbukumbu ya kazi yake nzuri, akaiweka kwenye kitovu. Haikuingia. Ilikaa juu yake kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima.

"Baba. Hii shingo umeiachia nafasi ya kukunja?"

Mume wangu alivua miwani, akaifuta, akavaa. Akaishika kadibodi. "Mkono ulikata wenyewe," akasema.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panaponiuma. Mimi nililipuka. Maneno yote niliyokuwa nimeyameza yalitoka kwa pamoja. Nikaanza na kaka, breki zinapumua, eh? Zimepumua sasa? Nikaja kwa mume wangu, mkokoteni wa vyuma chakavu, patani, suti, vitambaa. Kaka naye hakukubali, akasema yeye alikuta ringi zimeshanunuliwa, kosa ni la aliyepima. Mume wangu akasema aliyepima hakumwambia mtu aruke juu ya spana. Gurudumu lingeachwa ligome, wangejua mapema. Kaka akasema najua, lakini. Nikamwambia wewe hujui, hujawahi kujua, na leo mwanangu angekuwa bondeni. Akasema ni mpwa wake pia. Nikasema mpwa gani anayefungiwa gurudumu kwa kurukiwa. Watu wakajaa. Seremala akajaribu kutupatanisha, tukamgeukia wote watatu, tukamwambia aangalie mlango wake.

Sijui tuligombana muda gani. Nilipogeuka kumwambia Kitinda anisaidie kuwaeleza hawa watu wazima wenzangu, hakuwepo. Sanduku halikuwepo. Buti lilikuwa wazi.

"Yule dada mwenye sare?" seremala akasema. "Amepanda lori la mikate. Aliwaaga. Hamkusikia."

Nikatazama barabarani. Lori lilikuwa limeshaanza kuteremka. Niliona mgongo wake tu na vumbi.

Mchana ukapita wote. Nilikaa na simu mapajani, nikiitazama kama sufuria inayokaribia kuchemka. Baadaye sana ukaja ujumbe: Nimefika. Nimeripoti. Gari msilete.

Nikamwuliza, lile lori lilikuwaje, dereva alikwenda mwendo gani, nati zake ulizitazama? Akajibu: Mama. Neno hilo tu, na nukta.

Gari liko uani, juu ya matofali. Mume wangu amezipeleka ringi kwa mchonga vyuma kupanuliwa matundu, na anasema sasa zinaingia kama mkono kwenye shati. Huenda. Kaka anasema alijua. Mimi nimewaambia hawatafunga nati hata moja mbele yangu kabla sijalisukuma gurudumu kwa mikono yangu mwenyewe, nikaona limelala kwenye chuma lenyewe bila kuvutwa na kitu, na hakuna mwanga nyuma. Na wewe unayesoma, fanya hivyo hivyo. Jaribu ringi ikiwa tupu kabla ya kuvalisha tairi. Usitupe za zamani mpaka mpya zimetembea. Nati ikilegea mara ya pili, acha kukaza, fungua utazame ndani. Wakikucheka, waache wacheke, lakini usiondoke hapo.

Na jambo hili la mwisho hakuna fundi atakayekwambia. Nilikuwa nimemwekea mwanangu maneno ya kumuaga. Niliyapanga usiku kucha, ya jinsi ya kukaa na watu ugenini, ya kula vizuri, ya kwamba namwonea fahari na sijui namna ya kuyasema. Nilipanga nimwambie pale njia panda, nikiwa nimeshika dirisha. Pumzi yangu yote ikaishia kwenye ugomvi wa nani alikata na nani aliruka, huku yeye amesimama nyuma yangu na sanduku, anasema kwaheri.